Bwana Mwenyekiti, Namba 8 Amewakosea Nini?

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wanakamati wote wa klabu yetu,

MINTARAFU: NAHODHA KUSUGUA BENCHI

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko Jericho, karibu na uwanja wa Camp Toyoyo, na kadi yangu ya uanachama ni kuukuu kuliko nusu ya wachezaji mlio nao. Sura yangu hamuijui, ila miguu ya timu yenu naijua mimi. Wachezaji huniletea daluga zao: hii imebanduka soli, ile imekatika meno mawili, na kuna beki wenu mmoja hukanyaga upande mpaka ngozi ya kidole cha mwisho inafumuka kila mwezi. Kwa daluga huwa najua nani anacheza, nani ameumia na anaficha, na nani alimdanganya kocha kwamba asubuhi alikimbia.

Daluga za nahodha, namba 8 wenu, zilikuwa zikinijia kila baada ya wiki 3, misimu mitatu mfululizo. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja: kiatu cha kulia, ubavu wa ndani, pale anapopigia pasi. Mshono ulegee, ngozi ianze kupiga miayo, naye aje acheke, "Mzee, huyu ameanza tena, mfunge mdomo." Nilikuwa nashona kwa uzi wa nailoni niliopaka nta, mara mbili, na bado baada ya wiki 3 yuko kibandani. Kisha akapotea. Nikadhani amenunua mpya. Mwezi uliopita ndipo alipokuja, na nilipozigeuza mkononi nikakosa la kusema. Ubavu wa ndani ulikuwa mzima, mishono yangu ya mwaka jana imekaa vile nilivyoiacha. Kilichokwisha ni ncha za meno. Zote zimelika sawasawa, kana kwamba mtu kazipitisha kwenye msasa. Nikamuuliza, kijana wangu, siku hizi unakimbia wapi?

"Kando ya uwanja, Mzee. Pale ni saruji."

Nawatafsiria wasio mafundi: huyu mtu amepasha misuli moto karibu msimu mzima, na nyasi hajazikanyaga.

Naandika hadharani kwa kuwa barua za faragha nimeshaandika mbili, zote kupitia tawi. Ya kwanza niliambiwa imefika. Ya pili niliambiwa niache usumbufu.

Kwanza niseme kisichonileta. Sikuja kuwapangia kikosi. Kikosi ni cha kocha, na shabiki anayetaka kumpangia kocha kikosi aende akasomee ukocha, si kupiga kelele kutoka jukwaa la shilingi 200. Najua pia nahodha ana miaka 31, na mpira ukipotea katikati siku hizi anachelewa kurudi. Naliona hilo bila miwani. Kama kocha angesema, "Namba 8 amepunguza kasi, namtaka kijana mwenye mapafu," ningenung'unika siku mbili kisha nikazoea. Mangapi sijazoea mimi na klabu hii!

Wala benchi si fedheha. Tarehe 22 Mei 2010, Inter ya Italia ilipoifunga Bayern ya Ujerumani 2-0 pale Madrid na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, McDonald Mariga wetu alikuwa benchi, na hakuingia hata dakika moja. Nilitazama fainali ile nikiwa nimebanana na wenzangu mbele ya televisheni moja ndogo, na kila kamera ilipopita kwenye benchi la Inter tulipiga kelele kumshinda Milito aliyefunga yote mawili. Hakuna aliyeuliza kwa nini Mariga hachezi. Katikati walikuwa Cambiasso na Zanetti. Jibu lilikuwa uwanjani, linakimbia. Desemba 2024 Mariga alichaguliwa naibu rais wa FKF, shirikisho la mpira la Kenya, na sijasikia mtu akimcheka kwa kukaa pale.

Benchi la nahodha wetu ni la namna nyingine. Tuhesabu pamoja, kwa sababu mimi mechi za nyumbani sikosi, na za ugenini nazisikiliza.

Mechi ya kwanza ya msimu alicheza dakika zote 90. Ya pili akacheza tena, na bao la ushindi lilitoka kwenye kona aliyopiga yeye. Wiki hiyohiyo aliingia ofisini kwenu na wenzake wawili kuulizia bonasi za mechi tano za msimu uliopita. Hilo sijalichungulia dirishani, mlilitoa wenyewe katika mkutano wa matawi, mkasema kuna wachezaji wanaotaka kuendesha klabu. Mechi ya tatu, jina lake likawa chini ya mstari, kwa wachezaji wa akiba. Utepe wa unahodha ukafungwa mkono mwingine. Tangu siku hiyo tumecheza mechi 19. Hajaingia hata moja.

Mechi 19, na kila mechi kocha ana ruhusa ya kubadilisha wachezaji 5. Hiyo ni milango 95 imefunguliwa na kufungwa mbele ya mtu mmoja. Tumeongoza 3-0 na hakuingia. Tumekuwa nyuma 2-0 na hakuingia. Kuna siku tulibadilisha wawili tu, timu imechoka hadi inatembea, na yeye yuko pale amefunga kamba. Mchezaji aliyepoteza fomu huingia dakika ya 85 mechi ikiwa imekwisha, apunge upepo. Aliye mbaya kabisa huachwa nyumbani, nafasi yake wakapewa chipukizi. Huyu hachezi, haachwi. Anavalishwa, analetwa, anakalishwa mbele yetu tumtazame.

Mara ya kwanza hasira zangu nilizitua kwa kocha. Mechi ya tano au ya sita hivi, nilisimama nyuma ya benchi nikamwita majina ambayo mama watoto akiyasikia kwangu ataniuliza nimeyatoa wapi. Nataka nimwombe radhi hapahapa. Kocha, nisamehe. Nilikuwa sijaona nilichokuja kukiona baadaye.

Nilikiona siku tuliyotoka sare ya 1-1 pale Toyoyo. Mwajua pale hakuna siri, uzio uko karibu na benchi hadi unasikia mtu akikohoa. Dakika ya 70 kiungo wetu wa kati alishika paja, akaketi chini. Namba 8 akainuka kabla hajaitwa. Akavua kizibao cha mazoezi, akavuta soksi, akapiga magoti kukaza kamba. Kocha akageuka, akamtazama. Nawaapia nilidhani sasa basi, yamekwisha. Uwanja mzima ulianza kuimba jina lake. Kisha kocha akainua kichwa, akatazama juu kule jukwaani mnakoketi nyinyi, akatazama muda ambao kwa mtu aliyeumia paja ni mrefu. Aliporudisha macho alimwita beki wa pembeni, mtoto ambaye maskini hajawahi kucheza katikati tangu shule. Namba 8 akavaa tena kizibao. Alikivaa kinyume, mishono nje, na hakukigeuza hadi mwisho wa mchezo.

Sitasema kocha alikuwa anamtazama nani. Pengine alikuwa anatafuta saa. Lakini kocha ana kodi ya nyumba kama mimi, na katika ligi yetu makocha hufukuzwa kwa mechi tatu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "huyu asicheze", atafanya nini? Ndiyo maana barua hii nimewaandikia nyinyi. Msipotaka kusema, mwacheni kocha aseme.

Halafu kuna yule chipukizi wa miaka 19. Alipofunga bao lake la kwanza la ligi, mechi ya 15, hakukimbilia mashabiki. Alikimbilia benchi, akainama mbele ya namba 8 na kujifanya anampangusa daluga kwa mkono wa jezi. Tulicheka na kulia kwa pamoja. Ni nahodha aliyemfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, jioni, baada ya wengine kuondoka; walikuwa wakipita kibandani kwangu giza limeingia, wakinunua mandazi kwa jirani yangu. Mechi iliyofuata mtoto hayumo hata kwenye orodha. Mechi mbili. Akarudi. Juzi alifunga tena, akageuka, akatembea taratibu hadi katikati ya uwanja na uso mkavu, mikono chini, kama mtu anayerudi kwenye foleni ya benki.

Hicho ndicho mlichokipata mpaka sasa. Pointi hazijaongezeka, ila vijana wamejifunza kutofurahi.

Najua jibu lenu. Nidhamu. Mchezaji akishindana na klabu, klabu ni kubwa. Mtanitajia Ulaya, kwa sababu hapa kwetu Ulaya ndiyo Mahakama ya Rufaa. Basi twendeni huko. Septemba 2023 kocha Erik ten Hag alimwacha Jadon Sancho, Manchester United ikapigwa 3-1 na Arsenal. Kocha akasema mbele ya waandishi kwamba ni kwa sababu ya mazoezi yake. Sancho akajibu mtandaoni kwamba si kweli, akafukuzwa mazoezi ya kikosi cha kwanza. Sisi huku tulibishana hadi mishikaki ikaungua. Januari 2024 akapelekwa Dortmund kwa mkopo, na tarehe 1 Juni mwaka huohuo alikuwa Wembley akicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid. Dortmund ilifungwa 2-0, lakini alicheza. Amueni wenyewe nani alikuwa na haki, mimi ni Arsenal, sina ushahidi wa kuaminika. Ninachowaonyesha ni kwamba kulikuwa na sababu iliyotamkwa, kulikuwa na ubishi, na baada ya miezi minne mlango ulifunguliwa mtu akaenda kutafuta riziki.

Na kama mnaona kosa la kuulizia bonasi ni kubwa mno kusamehewa, mkumbukeni Carlos Tevez. Septemba 2011, Munich, Manchester City iko nyuma 2-0, kocha Roberto Mancini akasema mchezaji huyu alikataa kuingia. Akakataa, au akakataa kupasha misuli, hadithi zilikuwa mbili. Mancini akasema kwake yeye amekwisha. Tevez akaenda kwao Argentina miezi kadhaa. Mtu huyo alirudi Machi 2012, na mwezi wa Aprili akafunga matatu katika 6-1 dhidi ya Norwich. Msimu ule City walichukua ubingwa kwa tofauti ya mabao tu. Mancini hakumpenda. Alimhitaji.

Wetu hajakataa kuingia. Wetu amekuwa akiinuka mara 19.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani hamjalipigia hesabu, na hapa naomba mweka hazina asogeze kiti. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 15, zinasema mchezaji mzoefu wa kulipwa ambaye katika msimu ameonekana katika chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu yake anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali ya kimichezo. Mazingira yake pia hutazamwa, na anatakiwa kufanya hivyo ndani ya siku 15 baada ya mechi rasmi ya mwisho ya msimu. Fidia inaweza kujadiliwa, lakini kufungiwa kucheza hafungiwi. FIFA inayataka mashirikisho yazingatie msingi huo hata katika mikataba ya ndani ya nchi. Ligi yetu ni mechi 34. Asilimia 10 ni 3 na ushee. Yeye ana 2.

Mkiendelea hivi hadi mwisho, mnamwandikia barua ya kuondoka kwa mkono wenu wenyewe. Klabu iliyomtaka msimu uliopita, ile mliyoikatalia kwa kuwa pesa zilikuwa kidogo, itamngoja tu langoni.

Na kifungu cha 14 kinasema upande mmoja wa mkataba ukimnyanyasa mwenzake kwa nia ya kumlazimisha auvunje au akubali kuubadilisha, mwenzake anapata sababu halali ya kuuvunja. Kuna na kile cha mishahara: klabu ikikaa bila kulipa mishahara 2 ya mwezi kinyume cha sheria, mchezaji akaandika kudai na kutoa angalau siku 15, na bado hajalipwa, anaweza kwenda zake. Mishahara ya vijana imefika wapi, mnajua nyinyi. Mimi najua tu kwamba mwezi huu watu watatu nimewashonea kwa deni, na wachezaji wa mpira si watu wa kukopa shilingi 150 bila aibu.

Kanuni hizi sikuzitoa kichwani. Kijana mmoja anayesomea sheria, mteja wangu wa viatu vya mahakamani, alinisomea kwenye simu yake huku nikimpigilia kisigino. Alinishangaa. Mzee, akasema, wewe mbona hutaki tu kumshtaki mtu? Nikamwambia mimi nataka kuona mpira Jumamosi.

Ninachoomba ni kidogo. Muiteni nahodha. Awepo kocha, awepo katibu, mlango ufungwe, na kocha aulizwe mbele yake kama uamuzi ni wake. Kama ni wake, amwambie sababu uso kwa uso, iandikwe, na sisi matawi tutanyamaza. Mimi mwenyewe nitazunguka kuwanyamazisha wale wa jukwaa la mashariki, na mwajua hiyo si kazi ndogo. Kama si wake, basi anayemzuia ajitaje na yeye aseme kosa ni lipi, wapi nahodha alivunja mkataba, kikao gani cha nidhamu kilimsikiliza. Bonasi za mechi zile tano zilipwe au watu wapewe tarehe. Na kama mmeshaamua kwamba jezi yenu hataivaa tena, mwachilieni aende angali na mguu. Ana misimu miwili, pengine mitatu iliyobaki. Mchezaji wa miaka 31 hawezi kuwekewa akiba.

Msimwambie pia kwamba ni yeye aliyenituma. Hakunituma. Nilipomwambia nitaandika, alinisihi nisiandike, eti yatamwongezea. Nilifikiri usiku mzima. Kama yataongezeka, yataongezeka hadi wapi? Mechi ya 20?

Mwaka 2025, mwezi wa Agosti, nilikuwa Kasarani Kenya yetu ilipoifunga Morocco 1-0 katika CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kipindi chote cha pili tukiwa wachezaji 10. Na hao Morocco ndio waliokuja kutwaa kombe lenyewe. Walioingia kutoka benchi la kocha wetu Benni McCarthy siku ile waliingia wakikimbia kama nyumba inaungua. Benchi linaweza kuwa hivyo. Mtu anakaa pale akijua kwamba hali ikiwa ngumu ataitwa. Lenu limekuwa mahali pa kumwonyesha mtu, na wanaoketi kando yake wanajua, ndiyo maana siku hizi hata wakiingia wanacheza mpira wa kurudisha nyuma. Hakuna anayetaka kukosea. Tazameni pasi zao. Kipa wetu amegusa mpira mara nyingi Jumapili iliyopita kuliko mshambuliaji.

Daluga zake bado ziko kwangu. Nimempachika soli niliyoitoa kwenye daluga kuukuu za kipa, meno yake yangali marefu, na ubavu wa ndani sikuugusa. Nilimwambia aje Ijumaa jioni. Mechi ni Jumamosi saa tisa.

Mkijibu, jibu lipitie tawini. Katibu wa tawi anakijua kibanda. Na asiseme tena amelisahau kwenye matatu.

Wenu,
Fundi viatu, mwanachama
Jericho, Nairobi